Mwito wa Mara Moja

Miaka yote aliyokaa Kiseke, ukimwita Bernadeta jioni mara moja tu ulikuwa umejichosha bure. Mwenye nyumba wake alidhani ana masikio mazito. Vijana wa genge la mboga walisema anaringa. Wote walikosea. Bernadeta alikuwa akisikia hata mafuta yakichemka jikoni kwa jirani. Alichokuwa akisubiri ni kuitwa mara ya pili.

Alizaliwa Ukerewe, nje kidogo ya Nansio, na huko bibi yake alimlea na sharti moja: jua likianza kuzama, usiitike mwito wa kwanza. Binadamu mwenye shida na wewe atarudia. Kisichorudia si binadamu, na ukikiitika umekifungulia mlango. Wanawake wote walioanika dagaa ufukweni pale walilelewa hivyo. Wakiitwa magharibi walisimama kimya, mikono imejaa dagaa, mpaka jina lirudiwe, ndipo "abee" iwatoke. Usiwacheke. Wewe nawe una lako unalolifuata bila kujua lilianzia wapi.

Bernadeta alikuwa na mtoto mmoja, Malimi, mwenye kifafa. Akianguka, watu walirudi nyuma, maana ilisemwa kwamba povu linalomtoka mdomoni likikugusa, nawe umeupata ugonjwa. Hata mashangazi zake walimtengea sahani na kikombe chake peke yake. Bernadeta ndiye aliyekuwa akimfuta povu, kwa kitenge alichojifunga, na akimaliza alijifunga kitenge hicho hicho akaendelea na kazi. Hakuwa akifanya hivyo kwa ushujaa. Alikuwa mama yake, basi.

Magharibi moja alikuwa akikusanya dagaa waliokauka, anawatia guniani kabla umande haujashuka. Malimi alikuwa amekwenda nyuma ya majabali kunawa miguu. Ikaja sauti kutoka upande ule: "Mama." Mara moja tu, wala si kwa kelele.

Bernadeta alisimama. Wenzake walisikia pia, wakamtazama, naye akawatazama, wote wakangoja pamoja kama walivyozoea. Sauti haikurudi. Mmoja akatikisa kichwa, kama mtu anayesema, unaona, sio mtu huyo. Bernadeta akainama tena, akajaza gunia lake, akalifunga mdomo. Alipokwenda kumwita mwanawe waondoke alimkuta amelala kifudifudi kwenye maji yasiyofika magotini.

Kwenye matanga hakuna aliyemlaumu. Mume wake, Alexander, ndiye aliyekuwa wa kwanza kumwambia. "Mshukuru Mungu hukuitika. Yule hakuwa Malimi. Malimi alikuwa ameshaondoka, na kilichomchukua ndicho kilichokuja kukuita wewe. Tungezika wawili." Wanawake wakaitikia kwa vichwa. Kila aliyekuja kumpa pole alimletea neno hilo, na Bernadeta akalipokea kwa mikono miwili, akaishi nalo. Bila neno hilo asingeweza hata kumeza mate. Kwamba siye mwanawe aliyeita. Kwamba kusimama pale kimya, gunia mkononi, ilikuwa salama yake na wala si kosa.

Ndoa haikudumu. Alexander alikwenda zake Sengerema akaoa mwingine, na Bernadeta akavuka kuja Mwanza. Alipanga chumba Kiseke, upande wa juu, ambako ziwa hulioni ukiwa mlangoni. Hilo alilitaka mwenyewe. Maana kila alipokuwa karibu na maji wakati wa magharibi, ufuko wowote ule, ilimjia ile sauti. "Mama." Mara moja. Aliibana midomo yake, akashika njia. Hakuwahi kuitika. Na hakuwahi kumwambia mtu, kwa sababu angeambiwa aende kuombewa.

Sasa mtu wa namna hiyo alifikaje kambini, ufukweni kabisa? Hata yeye hana jibu zuri. Mwenyekiti wa jumuiya yao alisimama baada ya sala akatangaza kwamba likizo ya mwezi wa sita kutakuwa na kambi ya watoto kwenye nyumba ya zamani ya mafungo, huko chini ziwani, na wanatafutwa akina mama wa kupika na kulea. Mtu akauliza ni watoto gani. Mwenyekiti akasema ni watoto wa kifafa. Watu wakatazama chini, kila mmoja akakumbuka ana shughuli. Bernadeta akasikia mdomo wake mwenyewe ukisema, "Mimi nitakwenda."

Alitaka kuwaona. Ndiyo hivyo tu. Alitaka kuona Malimi angekuwaje.

Watoto walikuja kutoka Magu, Misungwi, na wengine kwa kivuko kutoka visiwani. Baadhi walikuwa na makovu ya moto mikononi, walipoangukia mafiga. Wengi shule ilikuwa imewarudisha nyumbani. Chakula cha kwanza kilipoletwa kwenye sinia, wali na maharage, walisimama wakilitazama bila kukaa. Nesi wa kambi, Raya, binti wa mjini ambaye familia yake ina duka la vitambaa, hakuelewa. Akawauliza kama hawana njaa. Ni Bernadeta aliyeelewa, roho ikamuuma: walikuwa wanangoja kila mmoja aletewe sahani yake ya peke yake. Aliketi chini, akanawa, akala tonge la kwanza kwenye sinia lile. Wakaketi mmoja mmoja. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuwanyang'anya sinia.

Watoto walitaka kuwaita walezi mama. Bernadeta akakataa. "Mimi niiteni bibi," akasema. "Huyu naye mwiteni bibi." Huyu alikuwa Teodora, mlezi mwenzake, Mkerewe kama yeye, mama mnene mwenye maneno mengi. Teodora alilalamika kwamba anazeeshwa kabla ya wakati, lakini jina likashika. Kwa hiyo pale kambini hakuwapo mtoto aliyemwita mtu mama. Bernadeta alihakikisha hivyo.

Raya aliwakusanya walezi akawafundisha. Mtoto akianguka, mlaze ubavu. Usimtie kijiko mdomoni, usimkandamize, mwondolee vya kumuumiza, ngoja. Povu ni mate tu, halimwambukizi mtu. Walezi walisikiliza kwa adabu. Kisha akasema jambo jingine.

"Wapo watoto wanaohisi kabla haijaja. Tumbo linapanda, au wanasikia harufu. Hao tumewafundisha waite. Sasa sikilizeni vizuri, mama zangu. Mtoto akihisi hivyo anapata nafasi ya kuita mara moja tu. Ya pili haipati, anakuwa ameshaanguka. Akiita, itika na ukimbie hapo hapo."

Teodora, ambaye hajawahi kukosa la kusema, aliuliza polepole, "Mara moja tu, nesi?"

"Mara moja tu."

Bernadeta alitoka nje kama mtu aliyekumbuka sufuria. Alikwenda akashika ukuta wa jiko. Mtu akihisi inakuja, anaita mara moja. Halafu haiti tena. Wala si kwamba si binadamu.

Alirudi, akasubiri wenzake watawanyike, akamwuliza Raya, "Na ambao hawahisi, nesi? Hao hawatoi sauti?"

"Wapo wanaotoa," Raya akasema. "Kifua kinabana, pumzi inatoka kwa nguvu, unasikia kama ukelele. Lakini hiyo si kuita, bibi. Mtoto mwenyewe hajui."

"Pumzi tu."

"Pumzi tu."

Bernadeta aliishika ile pumzi kama mtu anayeshika mzizi kwenye maporomoko. Labda ilikuwa pumzi. Lakini alikuwa amesikia, na wenzake wote walisikia, ma na kisha ma, neno zima. Pumzi haijui kutamka hivyo.

Haikupita muda mrefu, jioni moja, mtoto akaita kutoka njia ya chooni. "Bibi!" Teodora alikuwa anasonga ugali, Bernadeta anachambua mchicha. Wote wawili wakasimama. Mwiko juu, mchicha mkononi. Wakangoja. Lilikuwa jambo la kitambo kidogo tu, lakini Raya alitoka mbio chumba cha dawa akawapita, na walipomfuata mtoto alikuwa ameanguka, mdomo umepasuka kwenye jiwe.

Raya alimhudumia kwanza. Alipomaliza akawajia, uso umembadilika. "Hamkusikia?"

"Tulisikia," alisema Teodora.

"Sasa?"

Teodora akamweleza. Alieleza yote, bibi zao, magharibi, mwito wa kwanza, na alipokuwa akieleza sauti yake ilizidi kushuka. Bernadeta alitegemea yule binti wa mjini acheke, na akicheka amchukie, na akishamchukia arudi zake Kiseke akapumzike.

Raya hakucheka. "Bibi yangu naye alinikataza," alisema. "Mpaka leo nikiwa nyumbani magharibi siitiki haraka. Sisemi kwamba bibi zenu ni waongo. Lakini hapa tutaitika. Asiyeweza aniambie sasa, nimtafutie gari la kumrudisha, wala sitamkasirikia."

Teodora alisema ataweza. Bernadeta alisema ataweza. Alisema kwa mdomo tu.

Maana kwake haikuwa kuogopa kitu kinachoita. Hicho alikuwa tayari kukutana nacho, kimchukue tu, amekwishachoka. Kilichomtisha ni kingine. Akiitika mwito mmoja tu, akaenda, akamkuta mtoto wa watu anahitaji mkono, basi siku ile ya Nansio pia palikuwa na mtoto anayehitaji mkono. Itakuwa ni Malimi aliyeita. Itakuwa ni mwanawe aliyehisi tumbo linapanda, akamwita mama yake kwa nafasi ile moja aliyokuwa nayo, na mama yake akasimama, akamsikia, akajaza gunia. Neno la Alexander na la wale wanawake ndilo lililokuwa limemweka hai, na kuitika kungelivunja. Asipoitika, ataua wa pili. Alilijua hilo pia, hakuwa mjinga.

Kwa hiyo alifanya kama wanavyofanya wengi wetu, akajipangia kazi. Magharibi alijitia jikoni, akapiga masufuria kwa kelele kuliko kawaida. Ziwa likawa linamwita vile vile. Kila jioni, kupitia mlio wa masufuria, "Mama," mara moja, kutoka upande wa majabali. Alizidi kusugua.

Mtoto aliyemzoea zaidi alikuwa Gladness, msichana wa Misungwi, mkaidi, mwenye mwanya. Mama yake alipomleta alimwambia Raya mbele ya walezi wote: "Huyu haiti, nesi. Hajawahi. Anaanguka kimya kama nguo ikidondoka kwenye kamba, hata pumzi huisikii. Wewe mwangalie tu." Kwa hiyo Gladness alikuwa wa kuangaliwa. Alimfuata Bernadeta jikoni, akawa anamdonyolea karanga na kumsimulia uongo wake, kwamba baba yake ana ng'ombe wengi kuliko mkuu wa wilaya. Bernadeta alimwambia akikua atakuwa mbunge. Alimpenda, na kumpenda kulimtia hofu.

Karibu na mwisho wa kambi, watoto walikuwa wakicheza mdako uani na kokoto zikawa hazitoshi. Teodora alikuwa amefua mashuka akayatandaza juu ya majabali yakauke, na jua lilipoanza kushuka aliita msaada wa kuyakunja. Bernadeta hakuwa na kisingizio. Mlezi wa zamu alikuwa uani na watoto. Akatelemka ufukweni, akashika ncha mbili za shuka, Teodora akashika nyingine mbili, wakawa wanalikung'uta mchanga. Teodora alikuwa anasimulia habari za mkwe wake asiyejua kupika.

"Mama."

Ilitoka nyuma ya jabali kubwa, pale pale inakotokaga. Mara moja, wala si kwa kelele.

Bernadeta alibana midomo. Aliibana kama alivyoibana miaka yote. Teodora alikuwa anaendelea na mkwe wake. Na ndani ya Bernadeta kitu kikasema, hapana, siwezi tena. Na iwe iwavyo. Hakumfikiria Gladness. Hakufikiria kambi wala Raya. Alimfikiria Malimi peke yake, amesimama ndani ya maji, anangoja.

"Abee!" akaitika. "Abee, mwanangu, nakuja!"

Akaliachia shuka likaanguka mchangani, akakimbia.

Nyuma ya jabali alikuwapo Gladness. Alikuwa amechomoka uani kutafuta kokoto nzuri za mdako. Alikuwa amelala kifudifudi, uso ndani ya maji, maji hata hayajafunika masikio, mwili unatikisika. Bernadeta alimwinua, akamlaza ubavu kwenye mchanga, akamwinamisha kichwa maji yatoke. Povu lilitoka na maji. Akalifuta kwa kitenge chake. Alikuwa akimwambia, nimekuja, nimekuja, nipo, na hata yeye hakujua anamwambia nani. Mtoto akakohoa. Akatapika. Akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, na Bernadeta akaketi mchangani.

Raya alimpeleka Gladness hospitali kwa sababu ya maji kifuani, na kesho yake akamrudisha, mzima, anaulizia kokoto zake. Bernadeta alimketisha mapajani, mkubwa alivyo.

"Uliniita, Gladness?"

"Lini?"

"Jana, kule majini. Uliita mama?"

Gladness akamtazama kama anavyotazamwa mtu mzima anayeuliza upuuzi. "Sikuita, bibi. Niliokota kokoto, halafu nikaamka kwenye gari. Tena mama si yuko Misungwi?"

Bernadeta akamwachia akacheze. Teodora alikuwa mlangoni mwa jiko, amesikia. Alikuja akaketi karibu naye, na kwa mara ya kwanza alichagua maneno.

"Mimi nilikuwa upande wa pili wa shuka," alisema. "Tulikuwa hatufiki hata hatua nne, wewe na mimi. Hakuna mtu aliyeita, Bernadeta. Nilikusikia wewe ukiitika. Ukaitika, ukakimbia. Sasa niambie, uliitika nini?"

"Mwanangu."

"Mwanao yupi?"

Akamweleza. Hakuwahi kumweleza mtu yeyote, akamweleza Teodora, dagaa, gunia, majabali, wale wanawake waliotikisa vichwa. Teodora alisikiliza mpaka mwisho, na kwa sababu alikuwa mtu wa huko huko na ana huruma, alianza kumpa neno lile lile la zamani. "Usijiumize, mwenzangu. Yule hakuwa mwanao. Ulifanya vizuri kutoitika, wangekuzika nawe."

"Alikuwa Malimi," Bernadeta akasema. "Jana alikuwa yeye, ameniita nije nimtoe huyu. Na siku ile pia alikuwa yeye. Aliniita, Teodora. Nilimsikia vizuri sana. Sikwenda."

Akalia. Hakuwa amelia hivyo hata kwenye matanga. Teodora alimshika mkono akaushikilia mpaka ugali uliokuwa jikoni ukaungua, na watoto wakala ugali ulioungua siku ile wala hawakulalamika.

Kambi ilifungwa, watoto wakarudishwa kwao. Gladness alipanda gari na mfuko wake wa kokoto bila kugeuka nyuma, watoto ndivyo walivyo.

Bernadeta bado yuko Kiseke. Siku hizi ukimwita mara moja tu anakuitikia, mpaka mwenye nyumba anadhani amepona masikio. Na magharibi, badala ya kuliepuka ziwa, analifuata. Anatelemka mpaka majini, anakaa juu ya jabali, mikono mapajani. Mwanzoni alidhani labda amekaa upande usiofaa, akahama. Akajaribu ufuko mwingine. Safari moja alipanda meli mpaka Nansio, akaenda pale pale, akakaa mpaka giza likaingia na wanawake wa dagaa wakamsihi aondoke.

Hakuna sauti. Ile sauti aliyoikimbia muda wote ule, ambayo ndiyo kitu pekee cha Malimi kilichokuwa kimembakia duniani, haijarudi tena. Mtoto alikuwa anaita kwa sababu hajaitikiwa. Sasa ameitikiwa, hana cha kuitia tena. Bernadeta analielewa hilo, na halimpunguzii kitu.

Siku nyingine, akichoka kungoja, anaitika tu mwenyewe, polepole, akiyatazama maji.

"Abee."